Dirii ni Nguo: Mwongozo kamili wa kutengeneza deraya ya kwanza ya maigizo

Kwaresima ikianza, Bagamoyo huwa na vijana wanaozunguka kutafuta mavazi ya askari wa Kirumi. Igizo la Ijumaa Kuu linataka Pilato, linataka akina mama wa Yerusalemu, linataka askari wasiopungua wanne. Kanzu na khanga zimo katika kila nyumba, lakini deraya, yaani dirii ya askari, haimo. Basi watu huchukua boksi la friji, hulipaka rangi ya silva, na jasho hulilegeza kabla msafara haujafika kituo cha sita cha Njia ya Msalaba.

Nimeanzia huko kwenye boksi. Leo natengeneza kwa sponji ngumu, na seti moja inatumika Pasaka tatu au nne bila kuaibisha mtu. Mwongozo huu ni kwa anayeanza, asiye na karakana, mwenye baraza tu na Jumamosi kadhaa. Nitakwambia mapema jambo lililonichukua muda kulielewa: fundi wa kumwendea kwanza si mhunzi wala seremala. Mwendee fundi cherehani. Dirii huvaliwa na mtu anayepumua, anayepiga magoti na kuanguka chini, kwa hiyo inapimwa na kukatwa kama nguo.

Uchague dirii ipi

Ile yenye mabamba ya kulala, yaliyopangana kama makuti ya paa. Wasomi wa Ulaya wa karne ya 16 ndio walioipa jina la Kilatini lorica segmentata. Kila mtazamaji ataitambua papo hapo, na kwa fundi mgeni ina rehema kubwa: karibu vipande vyake vyote ni tepe zilizonyooka. Dirii ya kifua kizima, yenye misuli iliyochongwa, ni nzuri machoni, ila inataka kupinda sponji pande mbili kwa wakati mmoja. Iache mpaka mwaka wa pili.

Anayejali historia ajue kwamba askari waliokuwa chini ya Pilato, aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, walikuwa vikosi vya wasaidizi walioandikwa zaidi kutoka miji ya jirani kama Kaisaria na Sebaste. Wengi wa askari wa namna hiyo walivaa fulana za pete za chuma zilizosukwa. Ukitaka kuwa mkweli zaidi kwa zama zile, mpe msukaji uzi mnene akusukie fulana pana, kisha ipulizie rangi ya silva. Kwa mbali inaaminika kabisa. Mimi huwapa wawili fulana na wawili mabamba.

Kitu kingine, na hiki ni cha sheria: usitengeneze vazi lolote linalofanana na sare za jeshi la sasa. Raia haruhusiwi kuzivaa. Mrumi hana kesi.

Vifaa, na mahali pa kuvipata

Malighafi kuu ni sponji ngumu iitwayo EVA, ileile inayotengenezewa ndala. Unaweza kuipata kwa njia tatu. Ya kwanza ni yale mazulia ya watoto yanayoungana kama fumbo, ambayo mengi yana sm 60 kwa 60 na unene wa kama mm 10. Ya pili ni mikeka ya mazoezi, lakini chagua iliyo ngumu. Ukiiminya kwa kidole na ikabaki na shimo, iache. Ya tatu, na ndiyo bora, ni shiti za mafundi viatu, kwa sababu zinapatikana zenye unene wa mm 5 au 6, na mabamba yanayopandana hayataki kuwa mazito. Ukizikosa Bagamoyo, panda kosta uende Kariakoo kwenye maduka ya malighafi za viatu.

Hapohapo nunua gundi ya viatu ya kopo. Gundi nyingine zote zitakuangusha kwenye kiungo kinachokunjwa. Kisha tafuta kisu chembamba chenye wembe wa kukatika vipande, rula ya chuma, futi ya fundi cherehani, msasa namba 120 na namba 220, gundi nyeupe ya mbao, rangi ya maji nyeusi, rangi ya silva, turubai la pamba, velkro, na kamba za ngozi au za viatu.

Kwa joto, kifaa kizuri ni bloa ya hewa moto. Mafundi simu wanazo ndogo, mafundi wengine wanazo kubwa. Azima kwa siku moja, inatosha. Draya la saluni linaweza kusaidia kwa sponji nyembamba, japo polepole. Jiko la mkaa linawezekana pia ukikishika kipande kama sm 20 juu ya makaa yasiyo na mwali, huku mkono wako hautulii. Sponji ikianza kutoa moshi, umeshaiunguza, na moshi ule usiuvute.

Kupima

Hapa ndipo pa kutumia saa nzima. Mvalishe mwigizaji kanzu fupi atakayoivaa siku yenyewe, kisha mpime kifua juu ya hiyo kanzu akiwa amevuta pumzi yote. Kifua cha mtu mzima hutanuka kama sm 5 au zaidi kwa pumzi kubwa, na askari wa igizo anapiga kelele muda wote. Andika namba hiyo.

Sasa ongeza unene wa sponji. Bamba la mm 6 likimzunguka mtu, mzingo wa nje unazidi wa ndani kwa karibu sm 4. Mabamba yanapopandana, lile la juu linakaa juu ya lenzake, kwa hiyo nalo linataka nafasi hiyo. Mfano: kipimo cha pumzi ni sm 96, ongeza 4, unapata 100. Dirii hii ina nusu mbili, ya kulia na ya kushoto, zinazofungwa mbele na nyuma. Kila bamba basi litakuwa na urefu wa sm 50, na linatoka vizuri kwenye zulia la sm 60.

Urefu wa kiwiliwili upime toka kwapani hadi kwenye mfupa wa nyonga, mtu akiwa amekaa kwenye stuli. Amekaa, sikiliza vizuri. Dirii yangu ya kwanza nilimpimia binamu yangu akiwa amesimama wima kama gwaride. Ilipofika pale askari wanapopiga kura nguo za Yesu, akapiga magoti, mabamba yote yakapanda kwa pamoja, ukingo ukamkaba kidevuni. Hakuweza kuinama kutazama kete alizokuwa akizirusha. Nilikuwa nimekosea mara mbili: kipimo, na kugundisha bamba juu ya bamba. Kosa la pili nitalifikia.

Kabla ya kugusa sponji, kata vipande vyote kwa boksi la kawaida, viunganishe kwa selotepu na mvalishe. Mwambie anyanyue mikono kama anayebeba msalaba, apige magoti, akae, ageuke nyuma. Kila panapomkaba, punguza kwa mkasi na uandike alama. Vipande hivyo ndivyo violezo vyako, vitunze.

Hesabu ya mabamba

Kata mabamba yenye upana wa sm 6, saba kwa kila nusu. Kila moja likilifunika la chini yake kwa sm 1.5, linabaki linaonekana sm 4.5. Saba yanakupa jumla ya sm 33: sita za bamba la kwanza, na 4.5 mara sita kwa yaliyobaki. Kwa mtu mfupi punguza bamba moja, usipunguze upana. Dirii za kweli zilizofukuliwa Corbridge, Uingereza, mwaka 1964, zina mabamba saba au nane kila upande, kwa hiyo uko mahali pazuri.

Mabamba 14 ya sm 6 yanataka jumla ya upana wa sm 84. Zulia moja la sm 60 linatoa kumi. Mawili yanatosha kwa kiwiliwili, mawili mengine kwa mabega na kifua, na la tano liwe la kujaribia na kukosea. Hilo la tano si anasa.

Kukata

Wembe butu unaitafuna sponji na kuacha meno. Vunja ncha ya wembe kila baada ya mabamba mawili au matatu, hata kama unaona bado unakata. Usikate kwa mkupuo mmoja. Pitisha mara ya kwanza kwa wepesi kama unachora, kisha ya pili na ya tatu, kisu kikiwa wima na rula imekandamizwa kwa vidole vilivyokaa nyuma ya wembe. Ukingo wa chini wa kila bamba uondoe pembe kidogo kwa msasa wa 120, umalizie na 220. Funga kitambaa puani, vumbi lake ni jepesi na linaingia ndani. Andika namba nyuma ya kila bamba: K1 hadi K7 za kulia, S1 hadi S7 za kushoto. Usipofanya hivyo leo, kesho utapoteza nusu saa.

Kupinda kwa joto

Tafuta ndoo ya lita 20. Pitisha hewa moto juu ya uso wa bamba, ukisogea bila kusimama. Utaona uso uliofifia unaanza kung'aa kidogo. Hiyo ni dalili kwamba matundu madogo yamejifunga, na kwamba rangi haitanyonywa baadaye. Geuza, pasha na upande wa pili. Likiwa limelegea kama chapati, lizungushe kwenye ndoo na ulishike hadi lipoe kabisa, dakika moja au mbili. Ukiliachia likiwa na uvuguvugu litarudi kunyooka.

Mabamba ya kiunoni yapinde zaidi kidogo kuliko ya kifuani. Mwili una umbo lake, na hapa ndipo unapouheshimu.

Kizibao cha ndani

Hii ndiyo siri ya dirii yote. Mpelekee fundi cherehani turubai la pamba au jinzi kuukuu, mwombe akukatie kizibao kifupi kisicho na mikono, kinachoishia chini ya kifua, wazi mbele. Kwenye pindo lake ashone tepe sita za turubai zinazoning'inia, upana sm 4, urefu kama sm 35: mbili mbele, mbili ubavuni, mbili mgongoni. Mabamba yatashikwa na tepe hizo. Warumi nao waliyaning'iniza mabamba ya chuma kwenye mikanda ya ngozi kwa ndani, na ndiyo maana askari aliweza kuinama.

Sasa lile kosa langu la pili. Usigundishe bamba kwenye bamba. Kila bamba lishikwe kwenye tepe kwa ukingo wake wa juu tu. Ukingo wa chini uwe huru ukilifunika bamba linalofuata. Mtu akiinama, mabamba yanateleza na kuingiana. Akisimama, yanashuka yenyewe.

Paka gundi ya viatu pande zote mbili, kwenye sponji na kwenye turubai, safu nyembamba, kisha subiri. Dakika 10 hadi 15 kwa siku kavu. Mzee mmoja fundi viatu pale sokoni aliniona nikihangaika, akanishika mkono: "Mwanangu, ukiona bado inang'aa, usibandike. Gusa kwa mgongo wa kidole. Isipokunata kidoleni, ndiyo imeiva." Ikishaiva, lenga vizuri, maana ikigusana haikupi nafasi ya kusahihisha. Ndiyo maana nachora mistari ya kalamu kwanza kwenye tepe, kila baada ya sm 4.5.

Gundi hii ina harufu kali ya kemikali na inashika moto upesi. Ifanyie kazi barazani, upepo wa bahari ukipita, mbali na jiko na sigara, na kopo lifunikwe watoto wasilifikie. Usifanye kazi hii chumbani usiku umefunga madirisha.

Ikikauka, mrudie fundi viatu akupigie mishono miwili kwa kila sehemu bamba linapokutana na tepe, kwa uzi wa nailoni. Gundi hushikilia, ila uzi ndio unaohakikisha.

Mabega na kifua

Kwa kila bega kata tepe nne za upana wa sm 5. Ya karibu na shingo iwe kama sm 38, inatoka mgongoni inapita juu ya bega hadi kifuani. Zinazofuata ziwe fupi kwa sm 3 au 4 kila moja kuelekea mkononi. Zipashe moto na kuzipinda kwenye paja lako mwenyewe, umevaa suruali nene. Zishone kwenye kizibao zikipandana kama yale ya kiwiliwili. Bamba la kifua liwe kipande kimoja cha kila upande, sm 12 kwa 12 hivi, lenye mkato wa mviringo shingoni. Shusha mkato huo sm 2 chini ya unavyodhani inafaa.

Mbele funga kwa velkro iliyofichwa, na juu yake pitisha kamba za ngozi kwenye vitanzi ili watu waone kamba. Mgongoni fungia kamba moja kwa moja, hakufunguliwi tena.

Rangi

Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, yaani masika inapoingia. Rangi haikauki, hewa ina chumvi na maji. Anza kupaka mwezi mmoja kabla.

Changanya rangi nyeusi ya maji na gundi nyeupe ya mbao, nusu kwa nusu, ongeza maji kidogo ipite kwenye brashi. Paka safu tatu nyembamba, kila moja ikauke kabisa. Gundi hiyo inaipa rangi unyumbufu. Rangi ya mafuta ya mageti ikipakwa peke yake juu ya sponji hupasuka pale bamba linapokunjwa.

Silva haipakwi kama ukuta. Chovya sponji kavu ya kuoshea vyombo kwenye rangi, ifute kwenye gazeti hadi ionekane kama imeisha, kisha igongegonge juu ya weusi. Sugua zaidi kwenye kingo, ambako chuma cha kweli husuguliwa na matumizi. Acha weusi ubaki chini ya kila bamba. Ni weusi huo unaomfanya mtazamaji aone chuma. Mwishoni chukua kahawia iliyozimuliwa sana na maji, paka, ifute mara moja kwa kitambaa. Itabaki kwenye mikunjo kama kutu.

Bawaba na vifungo vya shaba kata kwa sponji ya mm 2, paka dhahabu, bandika. Dakika chache tu.

Chapeo

Wengi hukata tamaa kwenye chapeo kwa sababu kichwa ni duara. Njia yangu ni mpira wa miguu namba 4, wenye mzingo wa sm 63.5 hadi 66. Kichwa cha sm 57 kikiongezewa bitana ya sponji laini ya sm 1 pande zote kinafika kama sm 63, kwa hiyo vinakubaliana. Ufunge mpira kwa mfuko wa plastiki, pika uji mzito wa unga wa ngano, na bandika vipande vya gazeti nusu ya mpira, safu saba au nane. Baada ya kila safu mbili acha ikauke. Jua likiwepo ni siku mbili. Mvua ikishika, weka ndani karibu na jiko, la sivyo ukungu utaota. Toa upepo kwenye mpira, gamba linabaki.

Ongeza kikinga shingo kwa nyuma na vikinga mashavu viwili vya sponji, vikining'inia kwa turubai. Mashavu yasifunike masikio, mwigizaji lazima asikie mwenzake. Paka gamba gundi ya mbao ndani na nje kabla ya rangi, jasho lisilifikie gazeti.

Shungi la akida, mkuu wa kikosi, nalitengeneza kwa katani, na hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Nyuzi za katani zinasimama zenyewe, na zinakunywa vizuri ile rangi ya unga ambayo wasukaji mikeka huchovyea ukindu. Chemsha kwenye sufuria kuukuu, suuza, anika kivulini. Funga vishada vidogo sana, vipange kwenye ufito wa sponji, punguza kwa mkasi. Shungi hilo lilale toka sikio hadi sikio. Akida alitambulika hivyo vitani.

Yaliyobaki

Ngao ni plaiwudi nyembamba au boksi la safu mbili, urefu kama mita 1, limepindwa kidogo, mshikio mmoja wa kulala katikati. Miguuni makubazi ya kawaida yanatosha ukiongeza kamba za ngozi hadi juu ya kifundo. Upanga uwe wa mbao, ncha ya mviringo, na hata hivyo usimwelekeze mtu usoni.

Siku yenyewe na baada yake

Mchana wa Bagamoyo, ndani ya sponji nyeusi, mtu hupata joto haraka. Panga mtu mmoja mwenye maji kwenye kila kituo, na askari wavue chapeo kila wasipotazamwa. Beba mfuko wenye gundi kidogo, sindano, uzi na velkro. Usiache deraya ndani ya gari lililofungwa juani au darini chini ya bati: gundi ya viatu hulainika kwa joto na viungo hufunguka. Nimewahi kuzitoa nne zikiwa zimeachia mabega yote, asubuhi ya Ijumaa Kuu.

Likiisha igizo, futa ndani kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, anika kivulini, kisha itundike kwenye henga pana kama koti. Usiikunje na usiiwekee kitu juu. Violezo vya boksi vifunge pamoja, viandikwe jina la aliyepimwa na mwaka, na vikae na dirii hiyohiyo, maana mwakani atakayevaa huenda ni mdogo wake.